Unameza nini kingine?

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya Goma, mji huu umejaa watu wenye maumivu. Hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilipokea majeruhi kupita uwezo wa vitanda vyake, na hospitali nyingine za mji zikaelemewa vilevile. Siku hizohizo ghala la dawa la Kamati hiyo liliporwa, na uwanja wa ndege ukafungwa. Waliopasuliwa walirudi nyumbani wakiwa na vyuma miguuni na makovu yanayowaka usiku. Ongeza hapo wale ambao risasi haikuwagusa: wasukuma chukudu wenye migongo iliyochoka, akina mama wabeba mizigo wa mtaa wa Birere, na vijana wenye ugonjwa wa selimundu ambao baridi ya hapa huwaamshia mifupa yote.

Wengi wao wanaijua dawa moja: tramadoli. Hatuandiki leo ili kuwakataza. Mtu aliyevunjika mfupa wa paja ana haki ya kulala usingizi, na anayemwambia avumilie tu hajawahi kuvunjika. Tunaandika kwa sababu ya kile kinachomezwa pamoja na tramadoli, ambacho muganga hakukiandika, muuza famasi hakukiuliza, na mgonjwa hakukitaja kwa kuwa hakudhani ni dawa.

Tramadoli ilianza kuuzwa mwaka 1977 na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani. Ni ndugu wa morfini, ingawa ni dhaifu zaidi, na inafanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, ini huibadilisha kuwa kemikali nyingine, na hiyo ndiyo inayotuliza maumivu kama morfini inavyofanya. Hiyohiyo ndiyo inayoweza kuuambia ubongo upunguze kasi ya kupumua. Pili, huongeza ubongoni kemikali inayoitwa serotonini. Kapsuli ya kawaida ina miligramu 50, na mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka miligramu 400 kwa siku. Ukivuka hapo, unaweza kuanguka kifafa hata kama hujawahi kuwa nacho maishani.

Vipimo hivyo vyote vimewekwa kwa mtu anayemeza tramadoli peke yake. Nani katika mji huu anaimeza peke yake?

Tuseme kijana ametoka hospitalini na karatasi yake. Mama yake amemnunulia sirapu ya kuleta hamu ya kula, maana amekonda. Shangazi aliye Brussels ametuma kapsuli za majani za kutuliza mawazo. Jirani ameleta chupa ya mizizi ya kuunganisha mfupa. Rafiki amekuja na kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu. Kila mmoja amefanya hivyo kwa upendo, na hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Lakini jioni ile tumbo la kijana huyo lina vitu vitano, na hakuna mtu duniani anayejua orodha kamili.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili, ili tusitishe watu bure. Si kila kirutubisho ni sumu. Asidi ya foliki wanayopewa wagonjwa wa selimundu haigombani na tramadoli, na wasiiache. Vitamini C na vitamini B kwa kipimo cha kawaida hazigombani nayo. Vidonge vya madini ya chuma vitamfunga mtu tumbo zaidi, kwa sababu tramadoli nayo hufunga tumbo, lakini hilo linatibika kwa maji mengi, mboga na mapapai. Uji wa soya na karanga ni chakula. Tunachokiogopa ni vile vinavyoitwa vitamini na si vitamini.

Vya kwanza kwenye orodha yetu ni sirapu na vidonge vya kunenepesha. Nyingi ya hizo, ndani yake mna siproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio. Iligundulika kwamba inaleta hamu ya kula, na tangu hapo inauzwa kwa wanawake wanaotaka umbo nene na kwa wazazi wa watoto waliokonda. Watafiti wa Kinshasa walichapisha mwaka 2016 uchunguzi kuhusu matumizi haya miongoni mwa wakazi wa jiji hilo, kwa hiyo si jambo la siri wala la juzi. Huko Uingereza sirapu ya Apetamin, yenye siproheptadini iliyochanganywa na vitamini, ilifichuliwa na BBC mwaka 2021: haijasajiliwa nchini humo, ilikuwa ikiuzwa kwa njia za panya, na wasichana walikuwa wakisinzia hadi kuzimia. Kwenye chupa umeandikwa utamu wa vitamini, na mnunuzi hasomi zaidi ya hapo.

Kusinzia huko ndiko kunakotutia wasiwasi. Siproheptadini inalaza. Tramadoli inalaza. Ukiziweka pamoja usiku, zote mbili zinauvuta ubongo upande mmoja, na mtu anayelala fofofo ndiye ambaye pumzi yake huweza kupungua bila yeye kushtuka. Mbaya zaidi, wengine huchanganya siproheptadini na deksamethazoni, dawa kali ya jamii ya kotizoni, ili uso ujae haraka. Mtu wa namna hiyo akifika hospitalini amepoteza fahamu, muganga anatafuta malaria, anatafuta homa ya uti wa mgongo, anatafuta jeraha la kichwa. Hakuna anayemwambia kuhusu chupa iliyoko chini ya kitanda, kwa sababu familia nzima inaamini ni vitamini.

Tukae kidogo kwenye mizizi, maana hapa watu wetu wana hakika isiyo na shaka: kilichotoka ardhini hakina kemikali. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa na Kamerun walitangaza kwamba wameikuta tramadoli ndani ya mizizi ya mti uitwao Nauclea latifolia, unaotumika kutibu maumivu kaskazini mwa Kamerun. Habari ikaenea: mti wa Kiafrika umetengeneza dawa kabla ya Wajerumani! Mwaka uliofuata watafiti wa Dortmund walikwenda kupima upya. Tramadoli waliikuta kaskazini tu, si kusini, na pamoja nayo wakakuta masalia yanayotokea dawa hiyo inapopita katika mwili wa mnyama au binadamu. Wakulima wa huko walikuwa wakimeza tramadoli ya dukani na kuwapa ng'ombe wao ili wastahimili kulima juani. Mikojo na mbolea zikaingia udongoni, mizizi ikanyonya. Vipimo vya baadaye, vya mwaka 2016, vilithibitisha kwamba ile ni dawa ya kiwandani. Kwa hiyo mgonjwa wa kule angeweza kunywa maji ya mizizi na kumeza kapsuli, akidhani ametumia dawa mbili tofauti.

Hilo lilitokea bila mtu kukusudia. Yapo yanayofanywa kwa kukusudia. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo kilichokuwa kikiuzwa kama mchanganyiko wa mimea; kilipopimwa, kilikutwa na diklofenaki na deksamethazoni ambazo hazikuandikwa popote. Katika nchi nyingi unga wa nguvu za kiume umekutwa na sildenafili iliyofichwa, na sildenafili hushusha shinikizo la damu. Muuzaji anataka dawa yake ya asili ifanye kazi usiku uleule, basi anaisagia kidonge cha famasi. Mteja anashangilia mizizi. Mteja huyo akiwa anatumia pia vidonge vya tramadoli vyenye parasetamoli, na unga aliouziwa nao una parasetamoli ndani, ini lake linapokea zaidi ya alichohesabu. Gramu 4 za parasetamoli kwa siku ndiyo mwisho kwa mtu mzima, na ini halimwamshi mtu kumwambia limezidiwa. Hukaa kimya siku moja au mbili, kisha macho yanageuka manjano.

Kuhusu kapsuli za shangazi wa Brussels. Ulaya kuna mmea unaoitwa kwa Kifaransa millepertuis, unaouzwa bila ordonansi kwa watu wenye huzuni. Unaongeza serotonini. Vivyo hivyo baadhi ya kapsuli za Marekani za kuleta usingizi na furaha, zenye triptofani au 5-HTP. Tramadoli nayo, tumesema, inaongeza serotonini. Zikikutana, mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anapandwa na homa, anaharisha, moyo unakimbia, misuli inarukaruka, hatulii kitandani.

Msomaji wa Goma, dalili hizo umezipa jina gani? Malaria. Sote tungesema malaria. Na tukishasema malaria tunanunua dawa ya malaria, tunaongeza dawa ya homa, na kwa kuwa mwili unauma tunaongeza tramadoli. Hii ndiyo sehemu ya jambo hili inayotuumiza zaidi, kwamba katika mji wa malaria sumu hii imepata mahali pa kujificha. Kipimo cha malaria kikitoka hasi na mgonjwa bado anatetemeka, swali linalofuata linapaswa kuwa: amemeza nini? Wanaotibiwa majeraha ya moyo katika vituo vya afya ya akili kama Tulizo Letu, wakipewa amitriptilini au dawa nyingine ya huzuni, wako katika hatari hiyohiyo, na wanapaswa kumwambia muganga wa mfupa kuhusu dawa za muganga wa akili. Wengi hawasemi, kwa aibu.

Pombe hatuhitaji kuieleza sana. Kanyanga na tramadoli ni njia fupi ya kuacha kupumua. Diazepamu ni hivyohivyo. Mwaka 2016 Marekani iliamuru onyo la juu kabisa liandikwe kwenye dawa za jamii ya morfini na zile za jamii ya diazepamu, kwamba zisitumiwe pamoja ovyo. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vina hatari ya namna nyingine. Kafeini inamfichia mtu usingizi anaopaswa kuusikia, kwa hiyo anaongeza kidonge cha pili na cha tatu. Na kafeini nyingi juu ya tramadoli nyingi ni ubongo uliosukumwa karibu na kifafa. Motari anayefanya hivyo ili akeshe barabarani amebeba abiria nyuma yake.

Kuna wanaotujibu: mimi nachanganya kila siku na sijafa. Huenda ni kweli. Ile kazi ya ini ya kuibadilisha tramadoli hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, na tofauti hiyo tunazaliwa nayo. Uchunguzi wa mwaka 1996 huko Ethiopia uliwakuta karibu watu 3 kati ya 10 wakiwa na nakala za ziada za jini inayofanya kazi hiyo. Kwa mtu wa namna hiyo kipimo cha kawaida huweza kugeuka kuwa kikubwa. Wengine ini lao halibadilishi karibu kitu, hawasikii nafuu, na ndio wanaoongeza dozi hadi kifafa kinawaangusha. Ndiyo maana kidonge kilichomfaa kaka hakiwi kipimo cha mdogo wake. Ndiyo maana pia tangu mwaka 2017 Marekani imekataza tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12, na kuwaonya akina mama wanaonyonyesha. Mama anayeteseka na mgongo baada ya kujifungua asinunuliwe tramadoli na mumewe njiani. Aulize zahanati, kwa sababu dawa inapita kwenye maziwa.

Na kapsuli yenyewe, je, ni ile iliyoandikwa? Februari 2025 BBC ilionyesha kiwanda cha Mumbai kilichokuwa kikipeleka Ghana, Nigeria na Côte d'Ivoire vidonge vyenye tapentadoli na karisoprodoli, mchanganyiko ambao haukuruhusiwa popote duniani. India ikaupiga marufuku mwezi huohuo. Mji wetu unapokea bidhaa kwa barabara, kwa boti za ziwa Kivu na kwa mipaka ya Gisenyi, na dawa inayouzwa moja moja kwenye kikaratasi bila boksi haina namna ya kujitetea. Nunua penye boksi. Soma jina, kipimo na tarehe. Kama umeandikiwa miligramu 50 na unapewa zaidi ya hapo, rudisha.

Wapo watakaosema basi tramadoli ipigwe marufuku, wauzaji wakamatwe. Tunapinga. Kinshasa iliwahi kujaribu mkono wa chuma: Agosti 2021, wakati wa ile bombé, kilevi cha unga wa mabomba ya moshi ya magari uliochanganywa na vidonge, vikiwemo vya vitamini, polisi iliwakusanya watumiaji na wauzaji na kuwaonyesha hadharani. Anayeogopa kuonyeshwa hadharani hatamwambia muganga alichomeza. Halafu kuna haki ya mgonjwa. Tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Sisi ni wa hiyo 0.1. Kuwanyang'anya tramadoli watu ambao morfini hawaioni ni ukatili.

Jirani yetu Uganda alichukua njia nyingine. Tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, morfini ya maji inatengenezwa kwa bei ndogo, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Muuguzi anamfuata mgonjwa nyumbani, na akifika pale anaona meza yote: dawa, chupa, majani, kila kitu. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo tunayoyataka Goma.

Kwa wenye famasi, kuanzia Katindo hadi Majengo, ombi letu ni dogo na halina gharama. Kabla ya kupokea pesa ya tramadoli, uliza: "Mama, unameza nini kingine?" Kisha taja mwenyewe, kwa maana mteja hatakumbuka: sirapu ya kunenepa? Dawa ya usingizi? Kapsuli kutoka Ulaya? Dawa ya kienyeji? Pombe? Ukisikia ndiyo, eleza bila kugomba. Tunajua anaweza kwenda famasi ya pili ambako hataulizwa. Ndiyo sababu swali hili linapaswa kuulizwa na wote, na chama cha wafamasia wa Kivu Kaskazini kingeweza kulibandika kwenye kila kaunta, kwa Kiswahili.

Kwa hospitali: karatasi ya kutokea iandikwe lugha ambayo mgonjwa anaisoma. Mistari mitatu ya Kiswahili inatosha, na mmoja uwe juu ya visivyochanganywa na tramadoli. Waganga wa kienyeji nao waitwe mezani, wasitukanwe. Wanaambiwa mambo ambayo daktari haambiwi, na wengi wao wangekubali kumwuliza mteja kama anatumia vidonge vya hospitali na kumsubirisha. Wanaouza virutubisho kwa kuandikishana wanachama, wakizunguka makanisani na maofisini, waache kusema kwamba bidhaa yao inakwenda na dawa zote. Hakuna kitu cha namna hiyo.

Naloksoni, dawa inayorudisha pumzi kwa aliyezidiwa na jamii ya morfini, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Iwepo katika kila chumba cha dharura cha mji huu, na ASRAMES, inayosambaza dawa muhimu mkoani, iisukume mbele kwenye maagizo yake. Naloksoni haitibu kifafa cha tramadoli, na nguvu yake huisha mapema kuliko tramadoli yenyewe, kwa hiyo aliyeamka asiruhusiwe kwenda nyumbani saa ileile. Ukaguzi wa dawa ni kazi ya ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi, nayo makao yake yako Kinshasa, mbali sana na sisi kwa namna zote tangu Januari ile. Yeyote anayeshika mamlaka hapa leo anabeba jukumu hilo, na ukaguzi wake usigeuke njia ya kutoza famasi pesa.

Wakati hayo yakisubiriwa, kila nyumba yenye mgonjwa anayetumia tramadoli ijue yafuatayo. Mtu anayekoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, ambaye haamki ukimwita na kumtikisa, anayepumua kwa nadra, mboni za macho zikiwa ndogo kama nukta, midomo na fizi zikiwa zimepauka au kugeuka buluu, hajalala usingizi wa kupona. Mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimmwagie maji, usimpe maziwa, chumvi wala limao, usimtapishe. Akianguka kifafa, ondoa vitu vigumu karibu naye na usimtie kijiko mdomoni. Mpeleke hospitali, awe na mtu wa kumshika njiani, na kaa ukihesabu pumzi zake. Chukua boksi la vidonge, chupa ya sirapu, kapsuli za shangazi na mizizi yenyewe, vitie vyote ndani ya mfuko mmoja, na umkabidhi muganga mfuko huo kabla hajauliza.